Jasho Lina Haki Yake: Hotuba Juu ya Wakimbizi Wanaofanya Kazi Kamwokya



Tunazungumza kwa niaba ya wenzetu waliotoka makambini kwenda kutafuta riziki Kamwokya, Kampala. Kule mjini hakuna mgao wa chakula. Asiyelipwa mshahara hulala njaa na watoto wake. Ndiyo maana tumeomba nafasi hii.

Kamati yetu huketi na wasaidizi wa sheria, bila malipo, kuwasikiliza wafanyakazi. Huja mama aliyeosha vyombo hotelini miezi minne, kila mara akiambiwa asubiri mwezi ujao. Huja kijana wa mjengo aliyeanguka na kuvunjika mkono. Huja msichana wa kazi za nyumbani aliyefukuzwa usiku. Wote huuliza: “Mimi mkimbizi, nikishitaki sitarudishwa?”

Tunajibu: kudai mshahara si kosa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, iliyofuta ile ya 1960, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya kujipatia kipato. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya taifa alikotoka.

Basi shikeni haya matano.

Kwanza, mapatano ya mdomo ni mkataba. Tena mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya majuma 12.

Pili, baada ya siku sita za kazi, una haki ya kupumzika saa 24 mfululizo.

Tatu, aliyefanya kazi miezi sita hadi mwaka apewe notisi ya majuma mawili. Mwaka mmoja hadi mitano, mwezi mmoja.

Nne, aliyefanya kazi majuma 13 mfululizo akafukuzwa bila haki ana miezi mitatu tu ya kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi. Hahitaji wakili.

Tano, ukiumia kazini, toa taarifa kwa mwajiri mapema, usipitishe mwezi mmoja. Fidia ni juu yake.

Tumeona madai ya haki yakifa kwa sababu muda ulipita, au hapakuwa na ushahidi. Kwa hiyo nunueni daftari. Andikeni tarehe mliyoanza, siku mlizofanya kazi, fedha mliyopokea, na majina ya wenzenu waliokuwapo. Msifute ujumbe wa simu wa malipo. Ukishindwa peke yako, usinyamaze: ofisa wa kazi yupo, na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya kuwapa wakimbizi msaada wa sheria.

Kwenu wageni wetu wa mashirika, tunaomba mambo mawili. Watu waelezwe haki hizi hapa kambini, kabla hawajapanda basi. Na awepo mkalimani wa Kiswahili siku mtu anapokwenda kwa ofisa wa kazi, maana wengi hurudi nyumbani kwa kukosa lugha tu.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilipokea kwa mikono miwili, na tunalima. Tunachodai ni ujira wa kulima.