Mkazi wa Kisumu Hula Wapi?

Mgeni akimwuliza mkazi wa Kisumu mahali pazuri pa kula, jibu la kwanza huwa Dunga. Pale ufuoni samaki huchaguliwa kabla ya kupikwa. Mteja anayejua mambo hufunua mashavu ya ngege. Yakiwa mekundu na macho yanang'aa, huelewana bei, kisha huketi kutazama ziwa samaki akikaangwa. Akiharakishwa kulipia samaki ambaye hajamwona, huondoka. Ugali ni wa mkono, bila shaka. Anayeomba uma hujulikana ametoka mbali.

Gugu maji likiziba ufuo, mashua hukwama na samaki hupanda bei. Siku hizo mkazi huyo huenda Kibuye kwa omena waliokaangwa na nyanya na kitunguu, na osuga iliyolala katika maziwa. Hujuti.

Jioni ni Kondele, na hapo macho hutangulia mdomo. Kuna maji ya mfereji na sabuni? Chakula kimefunikwa? Cheti cha afya cha mpishi, kinachofanywa upya kila miezi sita, kiko wapi? Kipindupindu kimeshaingia Kisumu mara kadhaa, kwa hivyo kuuliza si kumdharau mama wa kibanda. Aliye na cheti hukitoa mara moja. Asiye nacho huanza kusimulia foleni aliyoikuta hospitalini. Mteja amsikilize kwa heshima, kisha akale kibanda cha pili.