Boya Dogo, Samaki Mkononi

Leo tunazungumzia boya la mshipi wa ndoano.

Wewe unayevua sato ukingoni mwa Ziwa Victoria unamjua. Mara nyingi hakimezi chambo kwa pupa. Anakionja kwa midomo. Akihisi uzito, anakitema. Boya kubwa halizami upesi, linamshtua. Kwa hiyo tumia boya dogo.

Fanya hivi. Chonga kipande cha bua kikavu, kisizidi urefu wa kidole. Kifunge kwenye mshipi mwembamba. Ongeza chubwi ndogondogo, moja moja, hadi boya lizame na kubaki ncha tu juu ya maji. Lijaribu kwanza kwenye ndoo.

Ukishatupa ndoano, usiondoe macho kwenye ile ncha. Ikizama, inua ufito. Ikienda kando, inua. Na boya likilala ubavu ghafla, samaki amenyanyua chambo pamoja na chubwi. Inua pia. Lakini usivute kwa ghafla, ndoano itachomoka.

Narudia: boya dogo, ncha tu juu ya maji. Kabla ya kwenda ziwani kesho, lipime boya lako kwenye ndoo.