Maneno kwa Vijana wa Karakana juu ya Kushona Kingo za Ngozi



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi ya mikono katika mwaka huu wa Jubilei. Useremala na ushoni wa nguo vina wasemaji wao. Sisi twataka kusema juu ya jambo moja dogo, ambalo wengi hulipita wasilione, nalo ni ukingo wa kifuniko cha ngozi na ukanda mwembamba uushikao.

Kazi ya ngozi si ngeni katika Kanisa. Matendo ya Mitume yatuambia ya kuwa Petro alikaa siku nyingi katika Yafa, nyumbani mwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi. Na Wakristo wa Uhabeshi tangu kale huvitia vitabu vyao vilivyoandikwa kwa mkono katika mifuko ya ngozi yenye mikanda, hata kitabu kikaweza kuchukuliwa begani safarini, au kutundikwa ukutani. Hivyo ndivyo tunavyotaka kwa vitabu vya ibada vya makatekista wetu, ambao huenda kwa miguu wakati wa masika.

Ninyi nyote mwajua shauri lililopo. Baraza lataka kununua majalada ya plastiki, nasi tumeomba muda. Tumepewa mpaka sikukuu ya Watakatifu Krispino na Krispiniano, wasimamizi wa washona viatu, tarehe 25 Oktoba. Ngozi za mbuzi tulizoletewa na mitaa ni chache, na ngozi ikiisha kutobolewa vibaya haizibiki. Kitambaa chaweza kufumuliwa kikashonwa tena, ngozi haisamehi.

Basi, kabla ya kutoboa, pimeni. Pigeni mstari milimita 3 ndani ya ukingo, pande zote. Patasi yetu ina meno manne: jino la kwanza litieni katika tundu la mwisho mlilokwisha kulitoboa, ndipo mpige, na nafasi zitakuwa sawasawa pasipo kubahatisha. Ngozi na ilazwe juu ya gogo, wala si juu ya jiwe, maana jiwe lavunja meno ya patasi. Kisha hesabuni matundu ya vipande viwili vinavyokutana. Yasipolingana, ukanda utakwenda upande, na hapana nguvu ya mikono iwezayo kuunyosha.

Ukanda nao twaukata wenyewe. Chukueni duara la ngozi lenye upana wa sentimita 10, mlikate kwa kuzunguka kutoka nje kwenda ndani, kwa upana wa milimita 3. Mtapata karibu mita 2 na nusu. Wengi hushangaa kuona urefu huo ukitoka katika kipande kilicho kama kiganja. Uloweni kidogo, uvuteni unyoke, kisha upakeni nta ya nyuki.

Kitabu chenye jalada la sentimita 18 kwa 28 kina ukingo wa sentimita 92. Kwa mshono mwepesi wa kuzungushia, mafundi huhesabu ukanda mara tatu na nusu ya ukingo, yaani zaidi kidogo ya mita 3. Kwa mshono wa vitanzi viwili, uliao kama msuko wa ukili, huhesabu mara saba, yaani karibu mita 6 na nusu. Mshono huo wa pili ni mzuri mno, nasi twaupenda. Walakini kwa ngozi tulizo nazo, twasema wazi, vitabu hivi vishonwe kwa ule wa kwanza. Uzuri utangoja.

Msishone kwa ukanda mrefu kupita kiasi. Kila upitapo tunduni husuguliwa, na ule wa mwisho hufika umechakaa. Mita moja yatosha. Ukikaribia kwisha, chongeni ncha yake na ncha ya ukanda mpya kwa kisu kikali, zipate wembamba, mzigandishe kwa gundi, zikauke kabla ya kuendelea. Penye pembe, pitisheni ukanda mara mbili au tatu katika tundu lile lile, la sivyo pembe itabaki wazi, na maji ya mvua huanzia hapo. Vuteni kila mshono kwa nguvu ile ile: ukilegea kitabu hucheza, ukikaza mno ngozi hukunjamana. Mwisho wake ufichwe kati ya vipande viwili, kisha gongeni ukingo wote polepole kwa nyundo ya mti.

Tangu Jumatatu tutaanza na vipande vilivyobaki, viwe vya kujifunzia. Kila mmoja atashona ukingo wa shubiri mbili, wenye pembe moja na kiungo kimoja. Atakayeweza kutuonyesha mshono ulio sawa mwanzo hata mwisho atapewa ngozi nzima na kitabu cha mtaa wake. Nyundo na patasi zi tayari. Leteni visu vyenu vikiwa vimenolewa.