Presha ya Mama Imepanda Tena

Kaa nusu saa kwenye kemisti yoyote hapa Kitengela, iwe Noonkopir au upande wa Yukos, na hutakosa kumsikia kijana aliyekuja kutafuta dawa ya mama. Mama halali. Moyo unamwenda mbio. Juzi alipimwa presha ikawa juu, jana ikapimwa ikawa sawa, na sasa ameanza kusahau: ameacha gesi ikiwaka, amemwita mjukuu kwa jina la mjomba wake. Kijana hana karatasi ya daktari. Anauziwa vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua, Piriton, kwa kuwa vinaleta usingizi. Akibahatika, kama hiyo ni bahati, anauziwa Valium, dawa ya kutuliza. Analipa kwa M-Pesa, anapanda boda, na nyumbani wanasema mama ametibiwa.

Nina ugomvi na safari hiyo ya kemisti.

Kwanza tumjue mama mwenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa Kitengela, na wengi wetu ni wa kuja. Tulinunua ploti, tukajenga, kisha tukamleta mzazi kutoka Murang'a, Nyamira au Machakos ili awe karibu na hospitali na wajukuu. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kule nyumbani alikuwa na kuku, shamba, chama cha kina mama na kwaya ya kanisa. Hapa ana sofa, televisheni na geti lenye kufuli. Watoto wanatoka saa kumi na moja alfajiri ili waiwahi foleni ya Mlolongo, wanarudi usiku. Mchana kutwa yuko peke yake na msichana wa kazi ambaye naye yuko kwenye simu.

Halafu ukumbuke aliyoyasikia akiwa nyuma ya geti hilo mwaka 2024. Aprili, mafuriko. Juni na Julai, maandamano, milio na vitoa machozi hapa barabarani. Agosti, vijana wa mji huu wakachukuliwa na watu wasiojulikana, wakaonekana tena Septemba. Mama aliyeogopa wakati huo alikuwa na akili timamu. Tatizo linaanza pale sababu inapoondoka na hofu ikabaki: miezi inapita, na mtoto akichelewa dakika kumi mama anatetemeka, tumbo linamkaza, kifua kinambana. Hapo hatuzungumzii tena tabia ya mtu mwoga. Ni ugonjwa wa wasiwasi, na una matibabu.

Ukishuka barabara ya Namanga kuelekea Isinya na Bissil, hofu inabadilika sura. Ardhi ya ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata kipande chake, na tangu hapo kuuza kukawa rahisi kuliko kufuga. Kisha ukaja ule ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikashindwa, ng'ombe wakafa kwa wingi. Mzee aliyebakiwa na ekari chache na wana wengi anaamka saa nane usiku kuhakikisha hati ya shamba bado iko chini ya godoro. Wanawe wanasema baba ameanza kuchanganyikiwa. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mzee hana ugonjwa wowote, ila kuna watu wanalimezea mate shamba lake. Na mzee ambaye kweli kumbukumbu imeanza kumtoka ndiye anayepakiwa kwenye gari kupelekwa kutia sahihi. Hilo bodi za ardhi zinapaswa kulitazama kwa macho makali zaidi.

Sasa, hofu inaingiaje kwenye kumbukumbu? Akili inayokesha ikitafuta hatari ni kama askari wa geti aliyeambiwa kuna wezi mtaani. Macho yote yako barabarani, na kitabu cha wageni hakiandikwi. Mama hakumbuki alikoweka miwani kwa sababu wakati anaiweka, akili haikuwepo. Ongeza na kukosa usingizi, maana usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga yale ya mchana, na utaona kwa nini mwenye wasiwasi husahau bila kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Kuna dalili inayosaidia, ingawa haitoshi peke yake. Mwenye wasiwasi mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, tena atakusimulia kirefu lini alisahau nini. Ambaye ubongo wenyewe umeanza kuharibika mara nyingi hana habari; wanaolalamika ni watu wa nyumbani. Anauliza swali lile lile mara ya nne na kwake ni mara ya kwanza.

Lakini mambo haya mawili yanaweza pia kwenda pamoja. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya watu 2,000 wenye umri kati ya miaka 55 na 85. Wale ambao wasiwasi wao ulidumu walikuwa na hatari ya karibu mara tatu ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na wale waliokuwa na wasiwasi kisha ukaisha, hatari yao haikuzidi ya mtu ambaye hakuwa nao kabisa. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba hofu ndiyo inayoharibu ubongo; huenda kwa baadhi yao hofu ni dalili ya mapema ya ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, mimi nikisikia kwamba walioondokewa na wasiwasi walirudi kwenye hali ya kawaida, naona sababu ya kutosha ya kuutibu. Mwaka huo huo jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huo duniani. Yamo presha, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, sonona, na upweke. Geti lenye kufuli, msikilizaji, limo kwenye orodha ya madaktari.

Turudi kwa kemisti. Valium hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu kuliko mwilini mwa kijana. Anaamka usiku kwenda msalani akiwa amelewa dawa, anaanguka, nyonga inavunjika. Piriton nayo huuvuruga ubongo wa mzee na kumzidishia usahaulifu. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa ambazo chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri wazee waepushwe nazo. Kwa hiyo tunanunua dawa kwa sababu mama anasahau, na dawa inamsahaulisha zaidi, kisha tunasema ni uzee. Sitaki kumlaumu sana yule kijana. Analala pembeni ya mtu anayetembea nyumbani usiku kucha, na asubuhi ana kazi.

Kabla ya yote, mzee anahitaji kupimwa vizuri. Tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio na kutetemeka kama wasiwasi. Upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee ghafla hata asitambue siku. Yote hayo yanatibika. Yakiondolewa, wasiwasi wenyewe unatibiwa kwa mazungumzo na mshauri, mazoezi ya kutembea, na dawa zisizolevya ambazo daktari anaziandika na kuzifuatilia. Na maombi? Kanisa na msikiti vinamtoa mzee ndani na kumkutanisha na wenzake, ambayo ni nusu ya tiba. Anayemwambia atupe dawa kwa kuwa ameombewa, huyo simwelewi.

Kaunti yetu ya Kajiado haianzi na mikono mitupu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mabegi yenye mashine ya kupima presha na sukari. Wanaingia nyumbani mwetu, wanaketi na mama. Naomba waongezewe maswali mawili ambayo yanatumika kwenye kliniki nyingi duniani: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na wasiwasi? Ni mara ngapi umeshindwa kuuzuia? Hayahitaji betri. Majirani zetu wa Makueni wamekuwa na miradi ya kuwafunza wahudumu wa jamii, hata waganga wa kienyeji, kutambua magonjwa ya akili. Kule Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14, akawafunza kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Kitengela ina bibi wangapi waliokaa bure nyuma ya mageti, ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri?

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, kwa aliyefikisha miaka 70, hazitoshi kuwa utunzaji wote. Serikali ya kaunti, ambayo ndiyo yenye zahanati, ituambie ni kituo kipi kati ya Kitengela na Namanga kina mtu wa kumsikiliza mzee mwenye wasiwasi, na ni siku gani anapatikana.

Na wewe uliye na mzazi nyumbani: ukimpeleka kliniki wiki hii, kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile ulizonunua bila karatasi, umwagie daktari mezani. Kisha utoke nje kidogo, umwache mama aseme mwenyewe.