Mtoto Asiyetulia Darasani



Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, kutoka Sirari mpakani hadi Mugumu na Natta, yupo mtoto ajulikanaye na kila mwalimu. Hatulii juu ya dawati. Humsukuma mwenzake, hujibu kabla swali halijaisha, hupoteza kalamu, na daftari lake limejaa kazi zilizoanzwa zisimalizwe. Taarifa yake ya mwisho wa muhula huandikwa maneno matatu: mtundu, mzembe, hasikii. Dawa yake nayo inajulikana. Imeegemezwa kando ya ubao, imekatwa juzi katika mti ulio nyuma ya ofisi.

Jioni mtoto huyo huyo huonekana malishoni na kundi la baba yake. Anamjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo. Ndama akibaki nyuma, yeye huona kabla ya mtu mzima kuhesabu. Anajua shamba la mahindi la jirani linaanzia wapi, na anajua kwamba ng'ombe mmoja akivuka hapo, kesi itakuwa ya wazee. Kwa saa nyingi macho yake hayaliachi kundi. Basi ni haki kuuliza: je, mtoto huyu hana usikivu, au usikivu wake umekosa mahali pa kukaa shuleni?

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba maradhi ya upungufu wa usikivu na wepesi uliopita kiasi ni jambo la kweli, wala si uzushi wa nchi tajiri. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia, na ambao adhabu haikuwabadilisha. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti 102 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba hali hiyo huwapata karibu watoto 5 katika kila 100. Tafiti za Afrika zilikuwa chache miongoni mwa hizo. Hata hivyo, mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hana budi kufikiri kwamba huenda anao wanne wa namna hiyo mbele yake.

Lakini wataalamu hao hao wameweka masharti. Dalili ziwe zimeanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12. Ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi. Zimharibie masomo yake au maisha yake na wenzake. Na juu ya yote, zionekane mahali zaidi ya pamoja: si darasani tu, bali nyumbani pia, mchezoni na kazini. Sharti hili la mwisho ndilo linalomgusa mwalimu wa Tarime na Serengeti. Mtoto asiyetulia darasani peke yake hajathibitika kuwa na maradhi. Huenda darasa ndilo lenye jambo la kuchunguzwa. Wala malisho hayatoshi kuwa kipimo, kwani hata mtoto mwenye maradhi aweza kuzama katika kazi aipendayo. Hukumu ni ya mganga. Kazi ya mwalimu ni kuuliza na kuandika anachokiona.

Si mara ya kwanza kwa watoto wa eneo hili la Afrika Mashariki kuwafundisha wataalamu jambo. Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi katika kijiji cha Kokwet miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Waliwakuta wazazi wakiwa na neno lao, ngom, la kumsifu mtoto mwenye akili. Maana yake ni mtoto anayeona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kusukumwa. Wazazi waliitofautisha akili hiyo na akili ya shule, na watoto waliosifiwa nyumbani hawakuwa lazima ndio walioshinda katika majaribio ya wageni. Naye Carol Ember, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, aliwachunguza wavulana wa Kijaluo katika Nyanza ya Kusini, jirani kabisa na mpaka wa Tarime. Wavulana waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hata saa ambazo hawakuwa kazini. Tabia ya mtoto, kwa hiyo, haitokani na damu peke yake. Hujengwa pia na kazi anayopewa na watu anaokaa nao.

Sasa tuangalie mambo yanayoweza kumnyima mtoto utulivu bila kuwa maradhi ya usikivu. La kwanza ni njaa, kwa yule aliyetembea mwendo mrefu asubuhi bila kutia kitu kinywani. La pili ni masikio yanayotoa usaha na macho yasiyoona ubao. Mtoto wa namna hiyo "hasikii" kwa maana halisi ya neno. La tatu ni lugha, kwa mtoto aliyelelewa kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, ambaye darasa la kwanza ndipo anapokutana na Kiswahili kwa siku nzima. La nne ni magonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto wa shule wa Tanzania wenye kichocho kikali walikuwa na kumbukumbu dhaifu ya muda mfupi, tena walichelewa kuitikia ishara. La tano ni hofu. Pale ambapo wizi wa mifugo au ugomvi wa koo umewakesha watu, mtoto huja shuleni na usingizi wa jana na woga wa leo.

Lipo na la sita, ambalo wageni hawaliji. Mvulana aliyetahiriwa likizo ya Desemba hurudi shuleni Januari akiwa ameambiwa na ukoo mzima kwamba sasa ni mwanamume. Darasani anakuta yeye bado ni mtoto, wa kuchapwa mbele ya wadogo zake. Ukaidi wake hauhitaji jina la ugonjwa. Unahitaji mwalimu anayejua kumpa mvulana huyo wajibu unaolingana na heshima anayoidai.

Hapa ndipo wengi husema: "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Methali hiyo ni ya kweli, kwani mtoto asiyeonywa hupotea. Lakini methali haikutaja fimbo, na haikusema kwamba kulia ndiko kujifunza. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa nyumbani na shuleni. Watoto waliochapwa zaidi na wazazi au walezi wao ndio walioonyesha zaidi ukorofi na ugomvi. Mwaka 2016 matokeo mengine ya utafiti huo yalionyesha kwamba adhabu kali iliambatana na huzuni na wasiwasi, na kwamba hali hiyo nayo iliambatana na udhaifu wa ile kumbukumbu inayotumika kushika hesabu kichwani, pamoja na alama za chini.

Msomaji makini atauliza: je, fimbo ndiyo iliyoleta ukorofi, au ukorofi ndio ulioleta fimbo? Swali ni halali, na utafiti wa namna hiyo peke yake haulimalizi. Lakini jambo moja halina ubishi: kama fimbo ingekuwa dawa, watoto waliochapwa zaidi wangekuwa ndio watulivu zaidi. Hawakuwa hivyo.

Tena ipo njia iliyojaribiwa hapa hapa nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Mtanzania Mabula Nkuba na wenzake walizigawa kwa kura shule 8 za sekondari za serikali. Walimu wa nusu ya shule hizo walipewa mafunzo ya siku chache juu ya kujenga uhusiano mwema na wanafunzi na kuwarudi bila kuwapiga; wa nusu nyingine hawakupewa. Miezi michache baadaye, walimu waliofunzwa walikuwa wamepunguza vipigo na matusi, na wanafunzi wao walithibitisha hivyo. Kwa hiyo si kweli kwamba mwalimu wa Kitanzania hawezi kubadilika.

Sheria nayo isisahauliwe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 na kurekebishwa mwaka 2002, zinamkabidhi mkuu wa shule madaraka hayo, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi 4, na adhabu iandikwe kitabuni. Fimbo iliyo mkononi mwa kila mwalimu, tangu gwaride la asubuhi hadi kipindi cha mwisho, haimo katika kanuni hizo. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi. Hasira ya dakika chache iliacha kaburi.

Nini basi kifanyike? Mtoto asiyetulia akalishwe mbele, mbali na dirisha. Apewe kazi fupi fupi, na amalizapo moja asifiwe kwa jina. Apewe kazi ya mwili: kugawa madaftari, kufuta ubao, kuhesabu wenzake kama anavyohesabu ng'ombe. Mwalimu aandike kwa mwezi mmoja ni saa ngapi na katika somo gani utulivu humtoka. Kisha amwite mzazi, si kwa kushtaki, bali kwa kuuliza: nyumbani yukoje? Malishoni yukoje? Alilala saa ngapi? Majibu yakionyesha kwamba hali ni ile ile kila mahali, mtoto apelekwe kituo cha afya akiwa na maandishi hayo. Na Maofisa Elimu wanapokagua shule, waulize habari za watoto hawa kama wanavyouliza habari za maandalio ya masomo.

Ndugu Walimu, mtoto anayelirudisha zizini kundi zima la baba yake jua likizama hakosi akili wala wajibu. Kabla ya kuandika tena kwamba hasikii, shule na ihakikishe kwanza kwamba imemsikiliza.