Kuhama Albert Park: Mali, Daftari na Safari

Katika jiji la Durban nchini Afrika Kusini upo mtaa wa maghorofa uitwao Albert Park, hatua chache kutoka bandarini. Wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi mtaa huo ulitengewa Wazungu. Tangu miaka ya 1990 umekuwa makazi ya Waafrika Kusini wa kila kabila pamoja na wageni wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Tanzania. Kwenye ngazi za majengo yake, katika saluni na mbele ya vibanda vya biashara, Kiswahili husikika kila siku.

Wakazi wa mtaa kama huo huhama mara kwa mara. Wapo wanaotafuta nyumba tulivu zaidi nje ya katikati ya jiji, wanaofuata kazi Johannesburg au Cape Town, wanaorejea nyumbani baada ya miaka mingi, na wakimbizi waliopata nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Wengi wao hulazimika kumkabidhi mtu wasiyemfahamu vitu vyote walivyochuma kwa jasho. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuvitayarisha vitu hivyo kabla gari la kampuni ya uhamishaji halijafika mlangoni.

Historia ya kuhama kwa shuruti

Durban inaujua uhamaji wa shuruti. Mwaka 1873 watu 113 waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa huko kutoka Zanzibar na manowari ya Kiingereza, na wengine wakafuata hadi mwaka 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini hadi leo wajukuu zao huitwa Wazanzibari. Waliishi King's Rest, katika eneo la Bluff, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambapo serikali ya ubaguzi iliwaondoa na kuwapeleka Chatsworth.

Albert Park nayo ina kumbukumbu zake. Mwezi Januari 2009 kundi la watu lilivamia jengo moja lililokaliwa na wageni, na Mtanzania mmoja na Mzimbabwe mmoja wakafa baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya juu. Mwezi Aprili 2015 maelfu ya wageni mjini Durban walikimbilia kambi za muda, zikiwemo za Isipingo na Chatsworth. Anayekimbia hubeba kile ambacho mkono unakifikia kwanza. Kwa hiyo familia iliyopata wiki tatu za kujitayarisha imepata neema, na inafaa iitumie vizuri.

Kupunguza kwanza, kufunga baadaye

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Kampuni za uhamishaji hutoza kwa ukubwa wa mzigo na umbali wa safari, na mzigo unaokwenda ng'ambo ndani ya kontena la kuchangia hupimwa kwa mita za ujazo. Kasha la kadibodi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 50 na kimo cha 40 lina ujazo wa mita 0.12. Makasha manane ya namna hiyo yanakaribia mita moja ya ujazo. Kabati kubwa lisilofunguka linaweza kuchukua nafasi hiyo peke yake, na mara nyingine gharama ya kulisafirisha huzidi bei ya kununua jingine huko liendako.

Vitu vigawanywe mafungu matatu: vinavyokwenda, vinavyouzwa au kugawiwa, na vinavyotupwa. Ipo pia orodha fupi ya vitu ambavyo kampuni makini haipakii kabisa: mitungi ya gesi, mafuta ya taa, rangi, dawa kali za kusafishia, viberiti na betri za magari. Moto ukizuka ndani ya kontena, unateketeza mali ya familia nyingi kwa pamoja.

Jambo kubwa kuliko yote ni hati. Pasipoti, kibali cha ukimbizi au cha kuomba hifadhi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya ndoa na vya shule, kadi za kliniki, mkataba wa nyumba, fedha na dhahabu haviingii garini kwa hali yoyote. Viwekwe katika mkoba mmoja unaobebwa na mtu mzima mmoja anayejulikana. Nakala zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mahali pengine. Sufuria iliyopotea hununuliwa tena sokoni. Cheti cha mtoto kilichopotea huweza kumgharimu mwaka mzima wa shule.

Namna ya kufunga

Vitabu ni vizito, hivyo hukaa katika makasha madogo. Mito, mashuka na nguo nyepesi hukaa katika makasha makubwa. Kasha ambalo mtu mmoja hawezi kulinyanyua bila kujikaza limejazwa kupita kiasi, na kitako chake kitaachia kwenye ngazi. Gundi ya utepe ipitishwe chini ya kasha mara mbili au tatu, kwa kuwa uzito wote unakaa hapo.

Sahani hufungwa moja moja kwa karatasi, kisha husimamishwa kwa ukingo wake, kwa sababu zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote. Vikombe na bilauri hujazwa karatasi ndani. Mwanya wowote ndani ya kasha uzibwe kwa taulo au nguo, maana kinachocheza ndicho kinachovunjika. Wino wa magazeti huchafua vyombo na vitambaa vyeupe, kwa hiyo karatasi isiyo na maandishi itangulie na gazeti lifuate.

Friji izimwe na kuachwa wazi siku moja au mbili ili ikauke, kisha isafirishwe ikiwa imesimama. Durban ni jiji la pwani lenye unyevu mwingi, na friji iliyofungwa ikiwa na maji ndani hufika ikinuka kuvu. Godoro nalo lianikwe kwanza, ndipo livikwe mfuko wa plastiki. Cherehani itolewe sindano na kichwa chake kifungwe kisitikisike. Kitanda na meza vikifunguliwa, skrubu zake ziwekwe katika mfuko mdogo na kufungwa kwenye kipande kimojawapo cha samani hiyo hiyo. Zikitiwa katika kasha la mchanganyiko, huwa vigumu kuonekana tena.

Kila kasha lipewe namba na jina la chumba, na maandishi yawe ubavuni, kwa sababu makasha yakishapangana, sehemu ya juu haionekani. Haifai kuandika nje kwamba ndani mna kompyuta au simu. Namba inatosha, na maelezo yake yakae daftarini.

Mali bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lionyeshe namba ya kasha, vilivyomo, hali yake na thamani yake. Televisheni iandikwe pamoja na namba iliyobandikwa nyuma yake na kiwandani. Picha ya kila samani, ikionyesha mikwaruzo iliyokuwepo tangu awali, huzuia ubishi wa baadaye. Siku ya kupakia, wafanyakazi wa kampuni huandika orodha yao wenyewe. Mwenye mali aisome, ailinganishe na daftari lake, na atie saini akiwa ameridhika. Siku ya kupokea afanye vivyo hivyo, na kilichovunjika kiandikwe kabla ya saini.

Hapa linaingia suala la bima. Bima nyingi za mizigo hubagua kati ya kasha lililofungwa na kampuni na lile lililofungwa na mwenyewe. Kwa kasha la mwenyewe, mara nyingi bima hulipa likipotea lote, lakini hailipi sahani zilizovunjika ndani, kwa hoja kwamba hakuna ajuaye zilifungwaje. Familia yenye fedha kidogo inaweza kufunga nguo na vitabu yenyewe, ikawaachia mafundi vioo, televisheni na vyombo vya udongo.

Huenda mtu akajiuliza kama bima ni ya lazima kwa safari ya siku moja tu. Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 mvua kubwa ilipiga Durban na vitongoji vyake. Watu zaidi ya 400 walikufa, na maji yakasomba makontena na kuyatupa barabarani. Sheria ya kulinda watumiaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya mwaka 2008, inamtaka anayeshika mali ya mteja aitunze kwa uangalifu na awajibike kwa hasara inayotokana na uzembe wake. Mafuriko, hata hivyo, si uzembe wa dereva, na hasara ya namna hiyo huangukia kwa mwenye mali asiye na bima.

Mwenye nyumba na amana

Kabla ya siku ya kuhama, msimamizi wa jengo aarifiwe mapema ili lifti itengwe na gari lipate mahali pa kusimama. Pale ambapo lifti haifanyi kazi, kampuni iambiwe ukweli kuhusu idadi ya ghorofa, kwa sababu kila ngazi huongeza saa na watu. Bei isiyo ya maandishi isikubaliwe.

Sheria ya nyumba za kupanga ya Afrika Kusini, namba 50 ya mwaka 1999, inamlinda mpangaji kwa njia ambazo wageni wengi hawazifahamu. Katika siku tatu za mwisho za mkataba, mwenye nyumba na mpangaji hutakiwa kukagua nyumba pamoja. Kama hakuna uharibifu wala deni, amana hurejeshwa pamoja na riba yake ndani ya siku saba. Mwenye nyumba akikataa kukagua, huhesabiwa kuwa amekubali kwamba nyumba iko katika hali njema. Tena, hana ruhusa ya kuzuia mali ya mpangaji bila amri ya mahakama, na katiba ya nchi hiyo hairuhusu mtu kufukuzwa nyumbani kwake bila amri hiyo.

Bandarini na forodhani

Kwa anayerejea Afrika Mashariki, mzigo hupita baharini hadi Dar es Salaam au Mombasa, au hupita nchi kavu kupitia Zimbabwe na Zambia hadi Tunduma. Kontena la futi 20 lina ujazo wa takriban mita 33, na familia nyingi huchangia moja. Kreti za mbao ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wa kimataifa, kwani mbao mbichi husafirisha wadudu na huweza kuzuiwa bandarini.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru kwa vitu vya nyumbani vya mtu anayehamisha makazi yake, mradi vilikuwa vikitumika katika nyumba yake ya zamani. Mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipowasili, isipokuwa wakuu wa forodha wakiongeza muda. Hapo ndipo daftari linapomsaidia mwenyewe kwa mara ya pili. Televisheni moja iliyotumika ni ya nyumbani, lakini televisheni nne zilizo ndani ya maboksi mapya zitaonekana kuwa bidhaa za biashara.

Wanaokwenda nchi ya tatu

Mkimbizi anayesafirishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji hana kontena. Ana mabegi machache yenye uzito uliopimwa, na mfuko mweupe wa shirika hilo wenye hati za safari. Kwake kuchagua ndio kazi yote: picha za wazee, vazi la harusi, kitabu cha dini, daftari la mapishi ya mama.

Lakini lipo onyo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za maelfu ya watu waliokwisha kuidhinishwa zikafutwa. Katika nchi mbalimbali, baadhi yao walikuwa wameshauza vitanda na kurudisha funguo za nyumba. Kwa hiyo cha kulalia na cha kupikia kiwe cha mwisho kuuzwa, na notisi ya nyumba isitolewe kwa sababu ya fununu.

Usiku wa mwisho, kasha moja libaki bila kupakiwa: birika, sufuria, sahani chache, sabuni, mashuka, dawa, chaja za simu na balbu moja. Lipewe namba moja katika daftari na literemshwe la kwanza. Watoto watakapofika katika nyumba wasiyoifahamu, watapata chai ya moto na mahali pa kulala, hata kama makasha mengine yatakaa wiki nzima bila kufunguliwa.