Vyama Vinapoisahau Nyumba ya Wote





Mada tuliyopewa ni udhaifu wa vyama vya siasa na hatari yake kwa demokrasia. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili linaihusu nini jumuiya ya Kikristo. Ni kweli kwamba Kanisa halina chama, wala halimwamuru muumini ampigie nani kura. Lakini chama ndicho mlango ambao raia wa kawaida hupitia ili kushiriki uongozi wa nchi yake, na mlango ukioza, mwizi hana haja ya kuvunja ukuta. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba vyama vyapaswa kutafuta manufaa ya wote, na kwamba si halali kamwe chama kuyatanguliza masilahi yake mbele ya manufaa hayo. Tungependa kuonyesha, kwa mifano miwili ya historia, jinsi watu walivyoumia pale kanuni hii ilipovunjwa.

Mfano wa kwanza watoka Ujerumani. Baada ya kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijitungia katiba mpya mwaka 1919, katika mji wa Weimar. Katiba hiyo iliwapa wanaume na wanawake haki ya kupiga kura, na ikalinda uhuru wa dini, wa kusema na wa kukusanyika. Miaka 14 baadaye ilikuwa karatasi tupu. Tumezoea kusikia kwamba Hitler ndiye aliyeiangusha. Hitler alikuwa adui yake kweli, lakini alisaidiwa sana na udhaifu wa wale waliopewa kazi ya kuilinda.

Machi 1930 ilianguka serikali ya mwisho iliyosimama juu ya wingi wa kura Bungeni. Vyama vilivyoshirikiana vilikuwa vimegombana juu ya nyongeza ndogo ya mchango wa bima ya wasio na kazi. SPD, chama cha wafanyakazi kilichokuwa na wabunge wengi kuliko vingine, kiliona heri kutoka serikalini kuliko kuwaudhi wafuasi wake. Tangu hapo nchi ikaongozwa kwa amri za dharura za Rais. Septemba mwaka uo huo Wanazi, waliokuwa na viti 12 tu, wakapata viti 107. Julai 1932, katika mwaka ambao wasio na kazi walikaribia milioni 6, wakapata viti 230.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika kabisa. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 Wanazi walishuka hadi viti 196. SPD ilipata viti 121 na Wakomunisti 100, yaani jumla ya 221. Lakini Wakomunisti walikuwa wamewafundisha watu wao kwamba SPD ni mafashisti waliojificha. SPD nao hawakuwaamini Wakomunisti, ambao hawakuwa na nia ya kuilinda katiba ile. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Januari 30, 1933, Rais Hindenburg alimteua Hitler kuwa Kansela.

Machi 23, 1933, Hitler alilitaka Bunge liipe serikali yake mamlaka ya kutunga sheria pasipo Bunge. Alihitaji theluthi mbili ya kura. Wabunge wa Kikomunisti walikwisha kukamatwa au kukimbia, kwa hiyo macho yote yakageukia Zentrum, chama cha Wakatoliki, kilichoongozwa na padre, Monsinyori Ludwig Kaas. Ndani ya chama walikuwapo waliopinga, akiwamo Kansela wa zamani Heinrich Brüning. Lakini Kaas alikuwa ameahidiwa kwamba haki za Kanisa na shule zake zingeheshimiwa, akaona bora kuokoa hizo. Zentrum ikasema ndiyo. Kura za kuunga mkono zilikuwa 444, za kupinga 94. Hao 94 wote walikuwa wa SPD, na kiongozi wao, Otto Wels, alisimama kusema hapana huku wanamgambo wa Hitler wakiwa wameuzingira ukumbi.

Je, Zentrum ilivuna nini? Julai 5, 1933, ilijivunja yenyewe. Julai 14 vyama vyote vikapigwa marufuku isipokuwa cha Wanazi. Ahadi zilizotolewa kwa Kanisa zilivunjwa moja baada ya nyingine. Shule za Kikatoliki zikafungwa, na mapadre wakatupwa katika kambi ya Dachau. Lakini waliolipa gharama kubwa kuliko wote ni wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika mapatano yale. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kabla utawala huo haujaanguka mwaka 1945.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, usiache mafuta yake. Mtini ulikataa, usiache utamu wake, na mzabibu vivyo hivyo. Mwishowe mti wa miiba ukakubali, nao ulikuja na kitisho cha moto. Miti ile mizuri haikutenda uovu wowote; kila mmoja ulilinda tu kilicho chake. Hivyo ndivyo vilivyofanya vyama vya Weimar.

Sasa turudi nyumbani. Hatusemi kwamba Kenya ya 1992 ilikuwa sawa na Ujerumani ya 1933. Wajerumani walikuwa wakipoteza uhuru wao, na sisi tulikuwa tukijaribu kuurudisha wa kwetu. Vyama vyao vilikuwa na wanachama wengi na matawi ya miaka mingi, na vyetu vilikuwa vichanga. Twalinganisha jambo moja tu, nalo ni chama kuisahau nyumba ya wote kwa sababu ya chumba chake.

Mwaka 1982 katiba yetu ilikuwa imebadilishwa ili KANU iwe chama pekee. Agosti 1991 wazee wetu, miongoni mwao Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku, walianzisha FORD, na Desemba mwaka huo kifungu cha chama kimoja kikafutwa. FORD ilikuwa tumaini la watu wa makabila yote. Lakini haukupita mwaka kabla haijapasuka. Ugomvi ulikuwa juu ya nani awe mgombea urais na ateuliwe kwa njia gani. Kundi moja lilikaa Agip House na jingine Muthithi House, kisha yakawa vyama viwili: FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Mwai Kibaki naye alikuwa na chama chake cha DP.

Matokeo ya Desemba 29, 1992, tunayakumbuka. Rais Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura, Matiba 26, Kibaki 19 na Odinga 17. Wananchi zaidi ya 6 katika kila 10 walitaka mabadiliko, wakayakosa. Haki yatudai tuseme pia kwamba uwanja haukuwa sawa, na kwamba mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa yaliwafukuza wengi makwao kabla ya kura. Hata hivyo, adui hakuwalazimisha viongozi wale kutengana. Miaka 10 baadaye, mwaka 2002, wapinzani walipoungana katika NARC, Kibaki alishinda kwa asilimia 62, na madaraka yakabadili mikono kwa amani.

Lakini NARC nayo haikudumu. Washirika waligombana juu ya mapatano waliyotia sahihi kabla ya uchaguzi, na katika kura ya maoni ya Novemba 2005 mawaziri wa serikali moja walisimama pande mbili, wengine kwa ndizi na wengine kwa chungwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ule haukuzibwa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe.

Tazameni pia jambo hili. Mshindi wa urais mwaka 2002 aliletwa na NARC, wa 2007 na PNU, wa 2013 na TNA ndani ya muungano wa Jubilee, wa 2017 na Chama cha Jubilee kilichoundwa 2016, na wa 2022 na UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Chama kinachojengwa kama kibanda cha maonyesho, na kubomolewa maonyesho yakiisha, kitawajibikaje kwa ahadi zake? Mwananchi atamdai nani? Chama cha namna hiyo hakiwezi kumzuia kiongozi wake akikosea, kwa sababu chama chenyewe ni mali ya kiongozi.

Kutokana na haya, twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, Wakristo wasiviachie vyama mikononi mwa wachache. Kifungu cha 91 cha Katiba yetu ya 2010 chataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na uchaguzi wa ndani ulio huru na wa haki. Mwanachama ana haki ya kudai hayo. Asiyedai uchaguzi halali katika tawi lake asishangae akiletewa mgombea aliyeteuliwa hotelini.

Pili, tuwapime viongozi kwa namna wanavyoshindwa. Mtu asiyeweza kukubali kushindwa katika uteuzi wa chama, akakivunja na kuondoka na watu wa kabila lake, hatakubali kushindwa katika uchaguzi wa nchi.

Tatu, na hili latuhusu sisi wenyewe: Kanisa lisikubali kununuliwa. Kosa la Zentrum lilikuwa kudhani kwamba shule na parokia zaweza kusalimika wakati uhuru wa wengine unazikwa. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilirudisha mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika parokia moja. Wapo waliouliza kwa nini tukatae pesa wakati kanisa lina mahitaji. Tuwajibu kwa upole kwamba shukrani hufunga mdomo, na siku itakapotupasa kuwasemea wanyonge, mdomo uliofungwa haufai kitu.

Ndugu wapendwa, maswali haya twawaachia mkayajadili katika jumuiya zenu. Je, katika eneo letu, wanachama ndio wanaochagua viongozi wa vyama? Sisi wenyewe tumepokea nini kutoka kwa wanasiasa, na kilitunyamazisha juu ya jambo gani? Na je, katika mapatano yanayofanywa kwa jina letu, ni nani hayumo mezani?

Mungu atujalie ujasiri wa kuyajibu kwa ukweli.